Platuni ukingoni mwa mto: uchambuzi wa kisa cha safu ya ulinzi katika miezi ya kwanza ya vita

Usuli

Kisa hiki kinahusu platuni moja ya askari wa miguu iliyopewa kushika kipande cha safu ya ulinzi katika mwezi wa tatu wa vita. Nchi, kikosi, mto na tarehe vimeondolewa, na wahusika wanatajwa kwa vyeo tu. Kimeandikwa kwa ajili ya maluteni, masajini na makoplo, kwa sababu karibu kila uamuzi uliomo ulifanywa na watu wa ngazi hiyo, tena wakiwa wamechoka kupita kiasi.

Miezi ya kwanza ya vita ina tabu zake. Askari wa kudumu waliofunzwa vizuri huwa wameshapungua kwa vifo na majeraha, mapengo yao yanazibwa na askari wa akiba walioitwa kutoka makazini, na hakuna anayejua kama vita vitaisha baada ya wiki chache au miaka. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Platuni ilikuwa na watu 28. Theluthi moja walikuwa askari wa kudumu; waliobaki ni akiba, na baadhi yao hawakuwa wameshika bunduki kwa miaka mingi. Luteni alikuwa kijana mwenye elimu nzuri ya chuo cha kijeshi. Sajini wa platuni ndiye pekee aliyewahi kupigana kabla ya vita hivyo.

Eneo lenyewe lilikuwa mgongo wa kilima kirefu, si cha juu sana, kinachotazama mto mdogo. Upande wa kulia ulikuwa wazi na ulionekana vizuri. Upande wa kushoto kulikuwa na korongo lenye vichaka, kivuko cha miguu mtoni, na jengo la zamani la pampu ya maji lililosimama peke yake mbele ya safu. Jumla ya upana wa kushika ilikuwa kama mita 900. Mafunzo ya kawaida huipa platuni mita 300 hadi 400. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hapakuwa na watu wa kutosha kuujaza mstari ule, na mengi yaliyofuata yanatokana na hilo.

Amri ilikuwa fupi: shikeni kilima, hakuna kurudi nyuma, mtapokelewa na kikosi kingine baada ya wiki moja. Luteni aliwasomea askari wake amri hiyo neno kwa neno, pamoja na ile ahadi ya wiki moja.

Yaliyotokea

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchimba, na haikuanza vizuri. Wengi wa akiba walichimba mashimo ya kufika magotini wakaona yametosha. Jioni ya siku ya pili mota za milimita 82, mizinga midogo inayorusha makombora juu, zilipiga kilima kwa dakika chache, na wawili walijeruhiwa kwa vipande, wote wakiwa kwenye mashimo mafupi. Usiku ule sajini alikata fimbo yenye urefu wa kumfika kifuani. Akawa anapita kwenye kila handaki, anaisimamisha chini, na ikichomoza juu ya ukingo anasema neno moja tu, "Chimba," kisha anaenda kwa mwingine. Hakugombeza mtu. Baada ya siku tatu askari wenyewe walikuwa wanaiazima ile fimbo kupimana. Juu ya mahali pa kulala waliweka magogo na udongo wa nusu mita, na udongo mpya uliotoka ndani waliufunika kwa majani, maana rangi yake ilikuwa inaonekana waziwazi na ndege zisizo na rubani zilizokuwa zikizunguka mchana kutwa.

Wiki ikaisha, wapokezi hawakuja. Mvua ikaanza.

Katika wiki ya pili platuni ilianza kuharibika kutoka ndani. Utaratibu wa lindo ulikuwa huu: usiku nusu ya watu wako macho, alfajiri na magharibi wote wanasimama kwenye nafasi zao, mchana wanachimba, wanabeba maji na risasi, na wanatengeneza yaliyobomolewa. Kwenye karatasi kila mtu alipata saa 5 za kulala. Kwa kweli alipata 3, tena kwa vipande vya dakika arobaini arobaini, kwa kuwa kila kishindo kiliwaamsha wote. Maji yalisimama mahandakini. Askari waliacha kuvua viatu kwa kuogopa kushambuliwa miguu mitupu, na ngozi za nyayo zikaanza kuwa nyeupe, kuvimba, kisha kufa ganzi. Wanne walifika mahali hawawezi kukimbia.

Makosa yakafuatana. Mlinzi mmoja alilala akiwa amesimama. Mwingine alimwaga magazini nzima kwenye kisiki alichokuwa akikitazama kila siku. Kisha mwendesha redio, kijana makini sana, akasoma vibaya tarakimu mbili za ramani alipoomba mota za kombania, kikosi kikubwa chenye platuni kadhaa, zipige upande wa pili wa mto. Makombora matatu yalianguka mita chache nyuma ya handaki la seksheni ya kati, moja ya makundi madogo ya platuni. Hakuna aliyeumia. Luteni alikaa kuandika taarifa ya tukio hilo, na alipoisoma asubuhi aliona sentensi yake ya tatu haikuwa na mwisho. Kalamu ilikuwa imeshuka hadi ukingo wa karatasi. Anasema hapo ndipo alipojua kwamba hata yeye hakufaa tena kuamua jambo.

Maamuzi na sababu zake

Asubuhi ile luteni, sajini na makoplo watatu wa seksheni walikaa pamoja kwa saa nzima. Hapo yalitoka maamuzi makubwa manne.

La kwanza lilihusu usingizi. Waliamua kwamba mchana watu wengi waondoke mstari wa mbele na kukaa nafasi ya pili, kama mita 200 nyuma, upande wa mteremko usioonekana na adui. Mbele wabaki waangalizi wachache na bunduki rashasha moja. Kila askari apate saa 4 mfululizo ambazo hakuna ruhusa ya kumwamsha kwa kazi yoyote, isipokuwa shambulio. Makoplo na luteni wakaingizwa kwenye ratiba hiyo hiyo, na sajini alisimamia kwamba luteni analala kweli.

La pili, na ndilo lililoleta mabishano, lilikuwa jengo la pampu. Hadi hapo lilikuwa linashikwa na watu sita usiku na mchana, na ndilo lililopigwa zaidi kuliko mahali pengine popote. Luteni alitaka liachwe mchana, na usiku wawepo waangalizi wawili tu, wenye simu ya waya na bastola ya fataki za ishara. Kivuko kifunikwe kwa rashasha kutoka ubavuni na kwa mabomu ya kutegwa ardhini kwenye mdomo wa korongo. Kapteni wa kombania alikataa mara mbili. Alisema kwenye simu: "Ukiniachia kivuko, umeniachia mlango." Luteni alijibu kwamba watu sita waliochoka ndani ya jengo linaloonekana kutoka pande zote hawakizuii kivuko, wanasubiri tu siku yao. Mwishoni kapteni alikubali kwa sharti kwamba mota za kombania zipimwe na kusajiliwa juu ya jengo lenyewe, yaani vipimo vya kulilenga viandikwe mapema, ili likiingia mikononi mwa adui lipigwe bila kupoteza muda. Sharti hilo lilikuja kuwa na faida kubwa.

La tatu lilikuwa kunyamazisha rashasha. Adui alikuwa na desturi ya kutuma watu watatu au wanne usiku, wafyatue risasi kidogo, kisha waangalie ni wapi panajibu kwa moto mkubwa. Kuanzia siku ile, vikundi hivyo vilijibiwa kwa bunduki za kawaida tu, na kutoka nafasi mbadala. Rashasha ya kushoto haikufyatuliwa kabisa kwa zaidi ya wiki.

La nne lilikuwa miguu. Kila jioni askari wawili wawili walikaguana nyayo, kila mtu akamkausha mwenzake, na soksi za kubadilisha zilikaushwa kwa joto la mwili, ndani ya shati tumboni. Koplo aliandika majina ya waliokaguliwa. Lilionekana jambo dogo, na baadhi ya akiba waliona aibu kushikwa miguu na mwanamume mwenzao, ila sajini alianza na ya kwake.

Hapo katikati kulikuwa na kijana mmoja wa akiba aliyegoma kutoka kwenye shimo lake. Alitetemeka mikono, hakula, na alipoitwa alisema, "Afande, siumwi, ila siendi." Luteni alitaka apelekwe nyuma kabisa. Sajini aliomba abaki naye. Alimpeleka nafasi ya pili, akamwambia, "Kijana, leo huendi. Utalala, utakula, utabeba risasi hapa nyuma. Keshokutwa tuko pamoja mbele." Siku ya tatu kijana alirudi kwenye seksheni yake. Askari mwingine, mtu mzima wa makamo, alipewa nafasi kama hiyo na hakupata nafuu. Huyo alisafirishwa nyuma, na ilikuwa sahihi.

Shambulio

Lilikuja katika wiki ya tatu, saa 11 alfajiri, kukiwa na ukungu. Mizinga na mota zilipiga mstari wa mbele kwa karibu nusu saa. Mahandaki mengi yalikuwa na mtu mmoja mmoja au hayakuwa na mtu. Waya wa simu ya jengo la pampu ulikatika katika dakika za mwanzo. Waangalizi wawili waliona watu wanatoka korongoni, wakarusha fataki nyekundu kama walivyokubaliana, na wakarudi kwa njia waliyoitembea kila usiku. Muda mfupi baadaye paa la jengo liliporomoka.

Platuni ilitoka nafasi ya pili kupanda mbele. Hapa ndipo ilipoumia. Mtaro wa kuunganisha nafasi mbili ulikuwa umechimbwa karibu wote, isipokuwa kama mita 40 za mwisho upande wa kushoto, palipokuwa na mwamba. Kazi hiyo ilikuwa imeahirishwa mara kadhaa. Seksheni ya kushoto ililazimika kukimbia mita hizo juu ya ardhi, na kombora lilianguka kati yao. Mmoja alikufa palepale. Koplo wa seksheni alikatika mshipa mkubwa pajani. Askari aliyekuwa nyuma yake alimfunga mkanda wa kuzuia damu juu kabisa ya paja, akaukaza hadi damu ikasimama, akaandika saa kwenye paji la uso wake kwa kalamu. Koplo yule yuko hai.

Rashasha ya kushoto, ile iliyonyamaza wiki nzima, ilifyatua adui walipokuwa wameshajaa kwenye kivuko, na iliwapiga kutoka ubavuni. Shambulio lilivunjika hapo. Hata hivyo kundi dogo lilifanikiwa kuingia kwenye magofu ya jengo la pampu. Kapteni aliagiza lirudishwe mara moja kwa kulishambulia. Luteni aliomba mota kwanza, kwa vipimo vilivyokwisha kusajiliwa, na muda hadi giza liingie. Kapteni alikubali. Makombora yalitua mahali pake tangu la kwanza. Usiku adui waliondoka, na alfajiri waangalizi wakarudi kwenye magofu.

Matokeo

Safu haikuvunjika. Platuni ilipoteza mtu mmoja na kupata majeruhi watano siku hiyo. Siku mbili baadaye wapokezi walifika, usiku, wakiwa na haraka, kwa kuwa magari hayakutakiwa kukutwa na mwanga. Makabidhiano yalichukua kama nusu saa. Walionyeshwa mahandaki, nafasi za rashasha na kivuko. Mabomu yaliyotegwa kwenye mdomo wa korongo yalitajwa kwa mdomo tu, "yako kule kushoto". Mchoro wake ulikuwa mmoja, na ulikuwa kwenye mfuko wa shati la koplo aliyekatika mshipa. Shati lilikatwa na madaktari hospitalini, na mfuko haukukaguliwa.

Baada ya muda mfupi askari mmoja wa platuni mpya alishuka korongoni kuokota kuni. Alipoteza mguu kwa bomu la jeshi lake mwenyewe.

Uchambuzi

Wanaosikia kisa hiki kwa mara ya kwanza huuliza kuhusu rashasha na kivuko. Mimi naanza na usingizi. Utafiti wa usingizi umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 hufanya kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Askari hawa walikuwa katika hali mbaya kuliko hiyo kwa siku nyingi mfululizo, na silaha mikononi. Makombora matatu yaliyoanguka nyuma ya seksheni ya kati yalipigwa kwa ramani iliyosomwa na mtu wa namna hiyo. Luteni alistahili sifa kwa kuliona hilo kama suala la mpango wa ulinzi. Wapo makamanda wengi ambao wangempa adhabu mwendesha redio na kuendelea na ratiba ileile.

Kupunguza watu mbele na kuwaweka kwa kina, mstari nyuma ya mstari, si jambo jipya. Jeshi la Ujerumani lilibadili mafundisho yake ya ulinzi majira ya baridi ya 1916 kuelekea 1917, baada ya kuona kwenye mapigano ya mto Somme, Ufaransa, kwamba mstari wa mbele uliojaa watu ni chakula cha mizinga. Cha ajabu ni kwamba kila vita vipya huanza na amri ya kushikilia kila hatua, na kila mara watu hujifunza upya kwa damu. Amri ya "hakuna kurudi nyuma" haikuvunjwa na luteni huyu. Alielewa kwamba kushika kilima ni kuhakikisha adui hakipati, na mtu anayelala mita 200 nyuma anaweza kufanya hivyo kuliko anayesinzia mbele.

Miguu nayo ina historia. Majira ya baridi ya kwanza ya Vita Kuu, 1914 hadi 1915, jeshi la Uingereza lilipata wagonjwa zaidi ya 20,000 wa miguu iliyooza kwa maji ya mahandaki. Ugonjwa ulipunguzwa kwa nidhamu ileile iliyotumika hapa: ukaguzi wa kila siku, soksi kavu, na kila mtu kuwajibika kwa miguu ya mwenzake. Baada ya siku ile ya mkutano, platuni haikupoteza mtu mwingine kwa miguu.

Kuhusu kijana aliyegoma, sajini hakuwa amesoma kitabu chochote cha tiba ya akili, ila alifanya kile ambacho madaktari wa kijeshi walikifikia mwaka 1917: mtibu karibu na wenzake, mapema, na umwambie wazi kwamba unatarajia arudi. Kumpeleka mbali kungemfanya ajione mgonjwa na mwoga kwa pamoja. Na kwa yule wa pili, ambaye hakupata nafuu, kumng'ang'ania mbele kungekuwa ukatili na hatari kwa wengine.

Jengo la pampu ni gumu zaidi kulihukumu. Kapteni hakuwa mjinga. Adui alikuja pale pale kapteni aliposema atakuja, na jengo likaingia mikononi mwao kwa mchana mzima. Inawezekana kabisa kwamba lilivutia shambulio kwa kuwa lilionekana tupu. Hata hivyo paa liliporomoka kabla adui hajafika, na sioni namna ambayo watu sita wangetoka hai humo. Luteni alikuwa sahihi kuhusu watu, kapteni alikuwa sahihi kuhusu mahali, na kilichookoa siku ni lile sharti la kusajili mota lililozaliwa kwenye mabishano yao. Kama luteni angeliacha jengo kimyakimya bila kumwambia mkubwa wake, kama ilivyotokea kwenye vikosi vingine, pasingekuwa na mota iliyosajiliwa, na jioni ile platuni ingepanda kwa miguu kwenda kulirudisha.

Sasa yaliyoshindikana. Mpango wa kukaa nyuma na kupanda mbele unategemea kitu kimoja, njia ya kupanda. Nafasi ya pili bila mtaro uliokamilika ni nusu ya mpango, na mita 40 zile zilimuua mtu. Luteni aliziahirisha kwa sababu kuvunja mwamba kulileta kelele na kuchosha watu aliotaka walale. Sababu inaeleweka. Lakini mtaro ule ulitakiwa kuwa kazi ya kwanza siku ileile uamuzi ulipofanywa, hata kama usingizi ungeanza siku mbili baadaye.

Ahadi ya wiki moja ilikuwa kosa la juu, ambalo luteni alilibeba mgongoni. Askari kadhaa walisema siku mbaya kuliko zote ilikuwa siku ya nane, kabla ya mvua na kabla ya shambulio, kwa sababu walikuwa wamejipanga kuvumilia hadi ya saba. Mkuu asiyejua wapokezi watafika lini aseme hajui.

La mabomu ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa lilizuilika kwa karatasi. Sheria ya kimataifa inataka mabomu ya kutegwa yawekewe kumbukumbu, na kila kozi ya uhandisi wa kijeshi inafundisha hivyo. Platuni ilichora mchoro mzuri, wenye vipimo kutoka kwenye mti mkubwa na kona ya jengo. Ikabaki na nakala moja, mfukoni mwa mtu ambaye kazi yake ilimweka kwenye hatari kuliko wengine. Luteni alijua uko kwa koplo huyo. Koplo alipopakiwa kwenye machela, kila mtu alikuwa anatazama paja lake.

Batalioni, kikosi chenye kombania kadhaa, ilibadili mambo mawili baada ya hapo. Michoro ya mabomu ikawa nakala tatu: ya seksheni, ya luteni, na ya makao ya kombania, na mapokezi hayasainiwi mpaka kamanda anayeingia ameionyesha kwa mkono wake. Na makoplo wa kikosi kinachoingia hufika usiku mmoja kabla ya watu wao, wakakaa saa 24 na wanaoondoka, ili wauone mchana mmoja na usiku mmoja wa eneo hilo kabla ya kulibeba. Kwenye kombania za jirani, ambako magari yanapatikana kwa shida, hilo la pili bado linarukwa mara kwa mara.